Kiinua Mgongo Mezani: Uchambuzi wa Kisa cha Msimamizi wa Ghala Aliyepunguzwa Kazi Dar es Salaam

Mwaka 2022 kampuni moja ya usambazaji wa bidhaa, yenye maghala kando ya Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam na makao makuu ya kikanda Nairobi, ilipunguza wafanyakazi katika matawi yake ya Tanzania. Miongoni mwa walioondolewa alikuwamo msimamizi wa ghala, mama wa watoto watatu, aliyeajiriwa Mwanza miaka 11 na miezi minne kabla ya hapo, kisha akahamishiwa Dar es Salaam. Barua aliyokabidhiwa ilimpa shilingi 13,000,000. Hati aliyoisaini baadaye mbele ya msuluhishi ilikuwa ya shilingi 36,250,000, pamoja na gharama za kumrudisha Mwanza yeye, familia yake na mizigo yake. Majina ya wahusika hayatajwi hapa, na tarakimu zimesawazishwa kidogo ili hesabu isomeke kwa urahisi.

Ukisikia kiasi hicho unaweza kudhani kwamba wakili wake alipigania kiinua mgongo hadi kikaongezeka karibu mara tatu. Sivyo ilivyokuwa. Kiinua mgongo cha kisheria nchini Tanzania ni kidogo, kina kikomo, na hesabu yake haina mengi ya kubishaniwa. Jambo lililojadiliwa hasa ni uzito wa makosa ambayo mwajiri alikwisha kuyafanya kabla hata ya kuandika barua ile, na namna wakili alivyoyageuza makosa hayo kuwa sababu ya mwajiri kukaa mezani. Bila kulielewa hilo, mtu husoma kisa hiki kama bahati ya mtu mmoja aliyepata wakili hodari.

Barua na fomu

Siku ya Jumanne wafanyakazi wa ghala waliitwa kwenye ukumbi wa chakula, na mkurugenzi akawasomea kwa muda mfupi kwamba biashara imeshuka, kwamba muundo wa kampuni unabadilishwa, na kwamba baadhi ya nafasi zitafutwa. Hakuna karatasi iliyogawiwa. Hakuna aliyeulizwa maoni, na maswali mawili yaliyoulizwa yalijibiwa kwa kuambiwa kwamba idara ya rasilimali watu itawasiliana na kila mhusika. Alhamisi, yaani siku mbili baadaye, msimamizi huyu aliitwa ofisini akakabidhiwa barua inayosema kuwa ajira yake inakoma siku hiyohiyo, na kwamba notisi italipwa kwa fedha taslimu.

Barua iliorodhesha malipo manne. Kiinua mgongo kilikuwa shilingi 7,000,000. Notisi ya mwezi mmoja ilikuwa shilingi 2,600,000. Malipo ya likizo kwa miezi minne iliyokwisha kupita ya mzunguko wa likizo wa mwaka uliokuwa ukiendelea yalikuwa shilingi 800,000. Juu yake kuliongezwa shilingi 2,600,000 zilizoitwa malipo ya hisani. Barua iliambatanishwa na fomu ya ukurasa mmoja iliyosema kwamba pande mbili zimekubaliana kusitisha ajira kwa hiari, kwamba mfanyakazi amepokea stahiki zake zote, kwamba hana dai lolote la sasa wala la baadaye dhidi ya kampuni, na kwamba hatafanya kazi kwa mshindani yeyote kwa muda wa miezi 12. Fomu ilitakiwa irudi imesainiwa kufikia Jumatatu, la sivyo malipo ya hisani yangeondolewa.

Ofisa aliyemkabidhi barua alimwambia kwa upole, "Dada yangu, hii ni fomu ya kawaida tu, wenzako wamekwisha kusaini." Huenda ofisa huyo aliamini alichokisema. Lakini fomu ya kumaliza madai yote haiwezi kuwa ya kawaida kwa mtu anayeisaini mara moja tu katika maisha yake ya kazi, na kumpa siku nne, mbili kati ya hizo zikiwa za mwisho wa wiki, ni kumnyima nafasi ya kuuliza.

Jumamosi alikwenda kwa wakili. Jambo la kwanza aliloambiwa lilikuwa rahisi: "Usisaini, dada, lakini pia usigombane nao." Siku ya Jumatatu alirudi ofisini, akaandika kwenye nakala ya barua maneno "nimepokea tu, sijakubali yaliyomo", akaweka tarehe na saini, akaomba nakala yake na kuondoka. Fomu ya kumaliza madai aliiacha wazi. Maneno yale machache yalimlinda dhidi ya hoja mbili ambazo waajiri huzitumia mara kwa mara baadaye, yaani kwamba mfanyakazi alikataa kupokea barua, au kwamba kwa kuipokea alikubali kila kilichomo.

Hesabu ya chini kabisa

Wakili alianza na hesabu kabla ya hoja yoyote ya kisheria, na hapo alifanya jambo la busara, kwa sababu majadiliano yasiyo na tarakimu sahihi huwa malalamiko. Mshahara wa msingi wa mteja ulikuwa shilingi 2,600,000 kwa mwezi. Alikuwa pia na posho ya nyumba ya shilingi 400,000 na posho ya usafiri ya shilingi 200,000, hivyo ujira wake wote ulikuwa shilingi 3,200,000. Alifanya kazi siku sita kwa wiki.

Kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri alipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi mfululizo, kwa kikomo cha miaka 10. Kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa takriban siku 26, kufuatana na jedwali la sheria hiyo. Mshahara wake wa siku ulikuwa basi shilingi 100,000, na siku saba kwa miaka 10 zikatoa shilingi 7,000,000. Mwaka wa 11 haukuhesabiwa kwa sababu ya kikomo. Hapa kampuni haikukosea. Wapo waajiri wanaogawanya kwa 30, wakampunja mfanyakazi bila yeye kujua, kwa hiyo mstari huu hauna budi kukaguliwa kila mara.

Makosa yalikuwa kwenye mistari mingine. Notisi ilihesabiwa kwa mshahara wa msingi, ilhali kifungu cha 41 kinasema kwamba mwajiri asiyetoa notisi ya muda hulipa ujira ambao mfanyakazi angeupata kama angefanya kazi katika muda huo. Sheria inatofautisha mshahara wa msingi na ujira, na posho zimo katika ujira. Kwa mkataba wake, notisi ilikuwa mwezi mmoja, kwa hiyo alistahili shilingi 3,200,000, wala si 2,600,000.

Likizo ilikuwa na tatizo kubwa zaidi. Ile ya miezi minne ilikokotolewa sawasawa, kwa kanuni ya mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 za kazi: siku 104 zikatoa siku nane. Lakini likizo ya siku 28 ya mzunguko uliotangulia haikutajwa kabisa. Kampuni ilikuwa na msimamo kwamba asiyechukua likizo kwa wakati ameipoteza. Mteja alikuwa na barua pepe ya meneja wake ikimwomba aiahirishe ili asimamie hesabu ya mali ya mwisho wa mwaka, na jibu lake la kukubali. Sheria inaruhusu likizo isogezwe hadi miezi 12 baada ya mzunguko kuisha, mradi mfanyakazi ameridhia na mahitaji ya kazi yanalazimisha, na muda huo ulikuwa haujapita. Barua pepe ile iliurudisha mstari wa takriban shilingi 2,950,000, yaani ujira wa wiki nne.

Ukijumlisha, stahiki za kisheria peke yake, bila hisani ya mtu, zilifika shilingi 13,950,000. Kampuni ilikuwa imeahidi 13,000,000 pamoja na hisani yake. Kwa maneno mengine, mwezi mmoja wa hisani aliotakiwa kuununua kwa kusamehe madai yake yote ulikuwa mdogo kuliko fedha zilizoachwa nje ya hesabu. Wafanyakazi wenzake waliosaini siku ile ya Alhamisi walisamehe haki zao na bado wakalipwa pungufu ya kiwango cha chini. Hili ndilo linaloumiza zaidi katika kisa hiki, na si ajabu hata kidogo katika maeneo ya viwanda na maghala.

Tena kulikuwa na kifungu cha 43, ambacho barua haikukigusa. Mfanyakazi anayeachishwa kazi mahali tofauti na alipoajiriwa anastahili kusafirishwa yeye na mizigo yake hadi mahali alikoajiriwa, au kulipwa gharama hizo, pamoja na fedha za kujikimu kwa siku anazosubiri kati ya kuachishwa na kusafirishwa. Barua yake ya ajira iliandikwa Mwanza. Aliihifadhi kwa miaka yote 11, na kwa karatasi hiyo moja dai la usafiri halikuwa na mjadala tena.

Kosa lililobeba mazungumzo

Hadi hapo tunazungumzia tofauti ya chini ya milioni moja na gharama za usafiri. Kilichopandisha kiwango hadi zaidi ya milioni 36 ni kifungu cha 38.

Kifungu hicho kinamruhusu mwajiri kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuchumi, kiteknolojia au kimuundo, lakini kinamwekea utaratibu. Lazima atoe taarifa ya nia ya kupunguza mara tu anapoifikiria, atoe taarifa zote zinazohusika ili mashauriano yawe na maana, na ashauriane na wafanyakazi kabla ya kuwapunguza. Mambo ya kushauriana yametajwa: sababu za kupunguza, hatua za kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondoka, njia ya kuwachagua, wakati wa kutekeleza, na kiinua mgongo. Mahali penye chama cha wafanyakazi, mwajiri hushauriana na chama. Pasipo na chama, kama ilivyokuwa kwenye ghala hili, hushauriana na wafanyakazi wenyewe.

Naomba msomaji asiipite haraka orodha hiyo, kwa sababu kitu cha mwisho ndani yake ni kiinua mgongo. Sheria yenyewe imekiweka kuwa jambo la kuzungumzwa kabla ya mtu kuondoka. Mfanyakazi anayeomba kujadili kifurushi chake haombi fadhila wala haonyeshi utovu wa nidhamu; anaomba hatua ambayo mwajiri alitakiwa kuianzisha mwenyewe. Wakili alilieleza hili kwa mteja wake kwanza, na nadhani lilikuwa na faida kubwa kuliko hoja nyingine yoyote, maana mama huyu alikuwa ameingia ofisini kwake akiona aibu ya kudai.

Mkutano wa Jumanne haukuwa mashauriano. Siku mbili kati ya tangazo na barua hazikutosha kushauriana na mtu yeyote juu ya chochote, na barua zilikuwa zimekwisha kuchapwa. Vigezo vya uchaguzi havikuwahi kutajwa. Zaidi ya hayo, wiki moja baada ya barua, kampuni ilitangaza ndani kwa ndani nafasi ya ofisa wa mnyororo wa ugavi, ambayo majukumu yake, ukiyaweka sambamba na ya msimamizi wa ghala, yalifanana kwa sehemu kubwa. Mfanyakazi mwenzake aliyebaki alimtumia nakala ya tangazo. Wakili aliiweka kwenye jalada bila kuitaja katika barua yake ya kwanza. Aliitunza kwa ajili ya siku ambayo upande wa pili ungesema kwamba nafasi ile haipo tena.

Chini ya kifungu cha 39, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba kuachishwa kazi kulikuwa halali. Na kama ikionekana kwamba hakukuwa halali, kifungu cha 40, kama kilivyosomeka wakati wa kisa hiki, kiliruhusu kuamuru mfanyakazi arudishwe kazini, aajiriwe upya, au alipwe fidia isiyopungua ujira wa miezi 12. Fidia hiyo huwa juu ya stahiki nyingine, haizifuti. Kwa mteja huyu, miezi 12 ilikuwa shilingi 38,400,000. Hiyo ndiyo hatari iliyokuwa upande wa pili wa meza, na ndiyo iliyompa wakili sababu ya kuzungumza juu ya zaidi ya kiwango cha chini.

Saa ya siku 30

Mgogoro unaohusu uhalali wa kuachishwa kazi unapaswa kufikishwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Mazungumzo hayasimamishi hesabu hiyo. Mwajiri anayejibu barua kwa utaratibu, anayeomba wiki moja ashauriane na Nairobi, kisha wiki nyingine amsubiri mkurugenzi arudi safari, anaweza kumaliza siku zote 30 bila kusema hapana hata mara moja. Baada ya hapo mfanyakazi analazimika kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu za kuchelewa, na maneno "tulikuwa tunazungumza" hayana uhakika wa kukubaliwa.

Wakili aliandika tarehe ya mwisho kwenye ukurasa wa kwanza wa jalada. Barua yake ya kwanza kwa kampuni ilitumwa siku ya nane. Iliandikwa bila kuathiri haki za mteja, ikaonyesha makosa ya hesabu mstari kwa mstari, ikaomba kumbukumbu za mashauriano, vigezo vya uchaguzi na taarifa za fedha zilizotumika kufikia uamuzi, kisha ikasema kwamba mteja yuko tayari kumaliza jambo hili kwa makubaliano. Lugha yake ilikuwa tulivu. Haikutaja magazeti, haikutishia mtu, wala haikumwita mwajiri mnyonyaji.

Jibu la siku ya 16 lilikuwa na mambo mawili. La kwanza, kampuni ilikubali makosa ya notisi na likizo, ikaongeza mwezi mwingine wa hisani, jumla ikawa shilingi 19,150,000. Barua ya wakili ya kurasa mbili ilikuwa imeongeza zaidi ya milioni sita. La pili lilikuwa gumu zaidi. Kampuni ilisema kwamba imempatia nafasi mbadala ya karani wa stoo katika tawi la Mbeya, kwa mshahara usiofika nusu ya ule wa zamani, na ikataka jibu ndani ya siku tatu.

Mteja alikasirika, akataka kuandika kwamba amedharauliwa. Wakili alimzuia, na sababu yake ni ya kuzingatiwa. Sheria inasema kwamba aliyepunguzwa kazi akikataa nafasi mbadala bila sababu ya msingi, anaweza kupoteza kiinua mgongo. Jibu la hasira lingesomeka baadaye kama kukataa kwa jeuri. Kwa hiyo jibu liliandikwa kwa kirefu: mteja anashukuru, anaomba kujua daraja la nafasi hiyo na masharti yake, anaonyesha tofauti ya mshahara, anaeleza kwamba watoto wawili wako kidato cha pili na cha nne Dar es Salaam, na anasema kwamba yuko tayari kufikiria nafasi yoyote inayokaribiana na cheo chake, ikiwamo ile ya ofisa wa mnyororo wa ugavi iliyotangazwa siku chache zilizopita. Tangazo lile likatokea mezani hapo, kama ombi la kazi. Kampuni haikuitaja Mbeya tena.

Siku ya 27, wakati barua bado zikiendelea kupishana kwa heshima, wakili alijaza fomu ya kupeleka mgogoro kwenye Tume na kumpatia mwajiri nakala. Meneja wa rasilimali watu alipiga simu akilalamika kwamba wao walidhani wanazungumza kwa nia njema. Wakili alimjibu kwamba mazungumzo yanaendelea na kwamba tarehe za kisheria hazitegemei nia ya mtu.

Mezani

Usuluhishi kwenye Tume ulichukua vikao viwili. Katika kikao cha kwanza wakili wa kampuni alileta hesabu za mwaka uliopita zikionyesha hasara, akajenga hoja kwamba sababu ya kupunguza wafanyakazi ilikuwa ya kweli. Wakili wa mteja hakubishana na hasara hiyo. Alisema kwamba hata sababu ya kweli haiondoi wajibu wa kushauriana, na kwamba hesabu hizo ndizo zilizopaswa kuonyeshwa kwa wafanyakazi kabla ya barua kuandikwa. Kuzileta kwenye usuluhishi kulithibitisha kwamba zilikuwapo na zilifichwa. Kuiacha hoja ya hasara kulimwokolea muda mwingi, na kulimwezesha msuluhishi kuona kwamba upande wa mfanyakazi hautaki kushindana kwa kila neno.

Dai lililowekwa mezani lilikuwa shilingi 49,050,000: kiinua mgongo cha siku 15 kwa kila mwaka kwa miaka yote 11, stahiki nyingine za kisheria, na ujira wa miezi minane. Siku 15 hazikutoka hewani. Kampuni mama ilikuwa imepunguza wafanyakazi Kenya katika zoezi hilohilo, na huko kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri alipe kisichopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Wakili alisema wazi kwamba sheria ya Kenya haina nguvu Dar es Salaam. Aliuliza tu ni kwa msingi gani kampuni moja, kwa uamuzi mmoja uliotoka ofisi moja ya Nairobi, imwone msimamizi wa ghala wa Mombasa kuwa anastahili zaidi ya mara mbili ya mwenzake wa Dar es Salaam, ilhali sheria ya Tanzania imeweka kiwango cha chini na haijamkataza mwajiri kulipa zaidi. Swali hilo lilimfikia mtu wa Nairobi aliyekuwa na mamlaka ya kuidhinisha malipo, na huyo ndiye aliyekuwa akihitajika kuguswa.

Kati ya kikao cha kwanza na cha pili, mteja alitakiwa kuamua kama aendelee hadi hatua ya uamuzi, ambapo mwamuzi wa Tume ndiye anayekata shauri. Wakili alimpa picha kamili. Akishinda kwa mwamuzi angeweza kupata miezi 12 au zaidi juu ya stahiki zake. Lakini mwajiri ana haki ya kupeleka uamuzi Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, upitiwe upya, na kutoka huko Mahakama ya Rufani haiko mbali. Shauri linaweza kuchukua miaka, na ada za shule hazisubiri. Zaidi ya hapo, mahakama inaweza kuyaona makosa kuwa ya utaratibu tu na kupima fidia kwa namna nyingine. Wakili hakumchagulia. Alimwomba aandike kiasi ambacho akikipata leo hatajuta kesho, kisha akafanya kazi kwa kiasi hicho kama mpaka wa chini. Ninaamini hapa ndipo kazi ya wakili wa mazungumzo inapotofautiana na ya wakili wa mahakamani: wa kwanza lazima ajue maisha ya mteja wake, madeni na ratiba zake, kabla ya kujua kesi.

Makubaliano yalikuwa haya: kiinua mgongo cha siku 15 kwa miaka 11, shilingi 16,500,000, notisi 3,200,000, likizo mbili, 2,950,000 na 800,000, na ujira wa miezi minne, shilingi 12,800,000. Usafiri wa Mwanza ulilipwa kando kwa kufuata bei halisi ya nauli na gari la mizigo.

Maneno ya hati

Fedha zilipokubaliwa, kampuni ilileta fomu yake ileile ya ukurasa mmoja, na wakili aliifanyia kazi kwa siku mbili. Watu wengi hufikiri kwamba baada ya kiasi kukubaliwa kazi imekwisha. Katika kisa hiki siku hizo mbili zilibadilisha mambo ambayo thamani yake haionekani kwenye jumla.

Maneno "kusitisha ajira kwa hiari ya pande mbili" yaliondolewa, pakaandikwa kwamba ajira ilikoma kwa kupunguzwa kazi kwa sababu za uendeshaji. Fao la upotevu wa ajira la NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake, na mfanyakazi anayesaini neno hiari bila kufikiri anaweza kujifungia mlango huo mwenyewe. Sharti la kutofanya kazi kwa washindani lilifutwa kabisa, kwa kuwa msimamizi wa ghala asiyefanya kazi ya ghala kwa mwaka mzima amezuiwa kuishi. Likabaki sharti la kutunza siri za bei na wateja, ambalo ni la haki. Kampuni ilitaka pia kukata salio la mkopo wake wa SACCOS ya wafanyakazi. Kwa kuwa sheria haimruhusu mwajiri kukata deni kwenye ujira bila ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi au amri halali, mteja alikataa makato ya jumla na kukubaliana moja kwa moja na SACCOS kulipa kwa awamu.

Iliandikwa pia kwamba kiasi chote ni kabla ya kodi, kwamba kampuni itakata PAYE, yaani kodi ya mapato ya ajira, na kuiwasilisha TRA, mamlaka ya mapato, na kwamba mteja atapewa mchanganuo wa makato. Malipo yanayotokana na kupoteza ajira huhesabiwa kuwa mapato ya ajira, na migogoro mingi huzaliwa pale mfanyakazi anaposubiri milioni fulani kisha zikaingia benki pungufu. Cheti cha utumishi, ambacho ni haki ya kila anayeondoka, kiliambatanishwa kikiwa kimekwisha kusainiwa, pamoja na barua ya utambulisho ambayo maneno yake yalikubaliwa na pande zote.

Malipo yaligawanywa mara mbili: asilimia 60, yaani shilingi 21,750,000, ndani ya siku 14, na shilingi 14,500,000 zilizobaki ndani ya siku 60, kwa sharti kwamba awamu ya kwanza ikichelewa, deni lote linadaiwa papo hapo. Hati ilisainiwa mbele ya msuluhishi, kwa hiyo mwajiri angekaidi, mteja angeipeleka mahakamani kuomba itekelezwe bila kuanza shauri upya. Hii ni tofauti kubwa na hati iliyosainiwa ofisini kwa mwajiri, ambayo mara nyingi hulazimu kufunguliwa kwa mgogoro mwingine ili kuithibitisha.

Ada ya wakili ilikuwa ya kiasi maalumu, iliyoandikwa tangu siku ya kwanza: sehemu moja kwa hatua ya barua na mazungumzo, nyingine kwa usuluhishi. Kampuni ilikubali kuchangia sehemu yake katika hati ya mwisho. Kwa asiyeweza kumudu wakili, sheria inaruhusu kuwakilishwa kwenye usuluhishi na ofisa wa chama cha wafanyakazi au mwakilishi wa kuchagua mwenyewe, na wapo watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mtu wa namna hiyo angeweza kugundua makosa ya notisi, likizo na usafiri. Sina uhakika kama angegundua mtego wa Mbeya.

Awamu ya kwanza ililipwa siku ya 12. Ya pili ilichelewa kwa wiki moja, ikalipwa siku mbili baada ya wakili kutuma nakala ya maombi ya utekelezaji aliyokuwa ameyaandaa. Jambo moja halikumalizwa na hati hiyo. Mteja alipokagua taarifa zake za NSSF wakati wa mazungumzo, alikuta michango ya miezi mitano haijawasilishwa, ingawa ilikatwa kwenye mshahara wake. Wakili alikataa kuiingiza kwenye kiasi cha makubaliano, akaandika kifungu kinachosema kwamba msamaha wa madai hauhusu michango ya hifadhi ya jamii. Kwa kifungu hicho mteja alifungua malalamiko kwenye ofisi ya mfuko akiwa tayari amelipwa fedha zake nyingine zote, na kampuni ikadaiwa michango hiyo na mfuko wenyewe.